Nani Kasema Upweke ni wa Wazungu?

Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Habari ilipofika barazani kwetu tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Waziri wa upweke! Wazungu bwana. Mmoja akasema hayo ndiyo malipo ya kuzaa mtoto mmoja na kulala na paka. Mwingine akaongeza kwamba kwetu hata ukiutafuta huo upweke huupati, maana hodi haziishi mlangoni. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Leo naandika kukipinga kicheko kile.

Imani yenyewe ni tamu, ndiyo maana haifi. Mwafrika hajui upweke, tunaambiana. Ana ukoo, ana majirani, ana msiba wa leo na harusi ya kesho. Mtu ni watu, na hapo mjadala umefungwa. Akionekana mpweke mahali, basi ama kasoma kupita kiasi, ama kaiga Uzungu, ama kapandwa na kitu.

Wenye usomi kidogo humleta John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba mtu hupata utu wake kutoka kwa jamii iliyomzaa na kumlea. Sawa. Lakini kusema jamii ndiyo inayomfanya mtu awe mtu ni jambo moja, na kusema jamii haiwezi kumwacha mtu peke yake ni jambo jingine kabisa. Tena ukilipima vizuri, hilo la kwanza ndilo linalotisha. Kama utu wangu umo mikononi mwenu, siku mkinigeuzia kisogo nabaki na nini?

Na kama upweke ni mgeni, kwa nini lugha yetu imeujengea nyumba kubwa hivi? Kuna upweke, kuna ukiwa, kuna utengano. Kuna mahame, yaani mahali palipokuwa na watu wakahama, neno ambalo ukilitamka tu unasikia upepo ukipita madirishani. Watu hawatungi maneno ya vitu wasivyovijua.

Mchukue shujaa Fumo Liyongo, ambaye kila aliyepita shuleni amemsikia. Tunamsifia upinde na kimo. Tunachokiruka ni jinsi alivyokufa. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mtawala anamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe, mtoto anamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Akachomwa usingizini. Akaamka, akashika upinde, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akauvuta, akafa katika hali hiyohiyo. Waliokwenda kuteka maji walimwona, wakadhani yu hai na amekasirika, wakarudi mbio na ndoo tupu. Mji mzima ukashikwa na kiu. Wakamwomba mama yake akambembeleze, naye akamwimbia akiwa mbali, hajui kwamba anamwimbia maiti. Nionyesheni picha ya upweke inayoishinda hii katika riwaya yoyote ya Ulaya: mtu yuko kwenye kisima cha mji wake, kila mtu anamtazama, hakuna anayemsogelea, na hakuna ajuaye kwamba amekwisha kufa.

Huko Pate nako, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi. Hakuuhutubia umma, aliusemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya majumba yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yana popo. Ilikuwa karibu karne nzima kabla mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre hajazaliwa.

Namtaja Sartre kwa sababu Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya yake Kichwamaji mwaka 1974, wahakiki walianza kuhesabu alichoazima kwa Wafaransa. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani Ukerewe, anajiua mwishoni, basi ikasemwa hiyo ni falsafa ya Ulaya iliyovishwa shati la Kitanzania. Sibishi kwamba Kezilahabi aliwasoma. Ila tazama mahali alipomweka mtu wake. Hakumweka kwenye chumba cha kupanga Paris. Kamweka nyumbani kwao, kati ya baba, mama, ndugu na wazee wenye majibu ya kila swali. Baadaye anaoa. Mtu huyo hajakosa watu hata siku moja. Na kitabu kilitoka kipindi kilekile ambacho serikali ilikuwa ikiwahamishia wananchi kwa mamilioni katika vijiji vya ujamaa, kwa imani kwamba kukaa pamoja ndiko kuwa pamoja. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini jibu lake lilifika kwa wakati.

Said Ahmed Mohamed alikuja na riwaya ya Utengano mwaka 1980, na humo Maimuna anafungiwa ndani na baba yake katika nyumba yenye heshima zake zote. Jina la kitabu si la bahati mbaya.

Lakini niache vitabu. Mwaka juzi nilikaa matanga ya mume wa shangazi yangu. Turubai lilikula nusu ya njia, viti vya plastiki vya kukodi, vijana wanapokezana mwiko kwenye sufuria la pilau. Niliitwa ndani nimpe mkono. Shangazi alikuwa ameketi juu ya godoro lililotandikwa chini, ndiyo kwanza anaanza eda, na wanawake kumi na zaidi wamemzunguka. Walikuwa wakizungumzia mchele kama utatosha, na nani amechelewa kuja na kwa nini. Yeye alikuwa ameshika ncha ya kanga, anaikunja pembetatu ndogo, anaikunjua, anaikunja tena. Muda wote niliokaa pale aliambiwa neno moja tu: ufunguo wa kabati la vyombo uko wapi? Akaufungua kwenye pindo la kanga, akautoa, akarudia kukunja. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, na sote tukaondoka tukisema tumemliwaza.

Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Lililonifumbua macho ni hili: katika nchi za kipato cha chini wanaosema ni wapweke wanafika kama asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Yule waziri tuliyemcheka, huenda sisi ndio tuliomhitaji.

Imani hii haidanganyi tu, inaumiza. Kijana akinyamaza anaambiwa ana maringo. Binti anatafutiwa mchumba. Mzee anaambiwa ashukuru, wajukuu si hawa wamejaa uani? Na anayetaka kukaa peke yake kwa hiari naye haponi, kana kwamba faragha na upweke ni kitu kimoja. Tunasahau kwamba Mtume alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya wahyi. Tunasahau pia kisa cha Hayy ibn Yaqzan alichokiandika Ibn Tufayl wa Andalusia katika karne ya 12: mtoto aliyenyonyeshwa na paa kisiwani, akamjua Mungu kwa kutafakari peke yake. Alipokutana na watu akajaribu kuwafundisha, wakamchoka, akarudi zake kisiwani. Kule kisiwani hakuwa mpweke. Upweke, kama aliupata, aliupata mjini.

Barazani kwetu mzaha wa yule waziri bado unapigwa, na mimi siku hizi najifanya nasoma gazeti. Shangazi amemaliza eda zamani. Tangu siku ile ya turubai nimekwenda kwake mara nne, kila mara na kundi la watu, na hatujawahi kukaa sisi wawili tu.