Kamera hubadilika, mpiga picha wa Mwanza hubaki na nini?

MPIGA picha wa Mwanza aliyenunua kamera ya filamu miaka ya 1990 alitarajia kuitumia miaka kumi au zaidi. Ikigoma, fundi aliifungua na kuirekebisha, kazi ikaendelea. Gharama yake kubwa ilikuwa filamu na kusafisha picha, nayo ilijilipa kazi kwa kazi: mkanda mmoja picha 36, mteja anatanguliza kiasi na kumalizia siku ya kuchukua picha zake.

Adha zilikuwapo. Aliyefanya kazi Ukerewe au Kome alisubiri mkanda uishe ndipo avuke kwenda mjini kuusafisha. Akirudi, baadhi ya wateja walikuwa wameshahama mwalo kufuata samaki. Picha zao zilimkalia mkononi, na picha ya mtu huwezi kumuuzia mwingine.

Kamera za dijitali zilipoenea miaka ya 2000 zilipokewa kwa furaha kwa sababu hiyo. Picha inaonekana papo hapo, mbaya inafutwa, filamu hainunuliwi tena. Lakini gharama haikwenda mbali. Ilihamia kwenye kamera yenyewe, kompyuta, memori kadi, betri, printa na wino. Filamu ilidai fedha yake kabla ya kazi. Kamera ya dijitali hudai baadaye, tena kwa mkupuo, siku inapokufa au siku wateja wanapoanza kusema picha za jirani ni nzuri kuliko zako.

Mabadiliko haya yaliwashinda hata wenye mitaji. Mhandisi wa Kodak ya Marekani, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, lakini kampuni hiyo iliendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Konica Minolta ya Japani ilitangaza kuachana na kamera na filamu Januari 2006.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kamera, lenzi, flashi na kompyuta vimegharimu Sh4,800,000, na mwenyewe anakadiria kuvitumia miaka minne. Hiyo ni Sh1,200,000 kwa mwaka. Akipata harusi na sherehe 40 kwa mwaka, kila kazi inadaiwa Sh30,000 ya vifaa. Sasa akitoza Sh150,000, nauli, msaidizi na albamu vikala Sh90,000, anaona amebakiwa na Sh60,000. Nusu ya fedha hiyo si yake, ni ya kamera ijayo. Akiila yote, baada ya miaka minne atakwenda kukopa, na mkopo wenye riba utamfanyia kazi mkopeshaji.

Wavuvi wa ziwa hili wanalielewa jambo hili kuliko watu wa studio. Pato la usiku likigawanywa, mafuta hutolewa kwanza, na lipo fungu la mwenye mtumbwi kwa ajili ya mtumbwi, injini na nyavu. Hakuna baharia anayeliita fungu hilo wizi, maana nyavu zinachakaa machoni pake. Kamera huchakaa kimyakimya.

Si lazima kukimbilia kila toleo jipya. Mteja wa harusi ya Igoma au Buzuruga haulizi kamera ina megapikseli ngapi, anauliza picha zitatoka lini. Lenzi nzuri hudumu kuliko mwili wa kamera, kwa hiyo ni afadhali fedha iwekwe huko. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta kamera zisizo na kioo zenye mdomo mpya, na lenzi za zamani hazishiki bila kiungio. Anayenunua leo aulize kwanza.

Pigo jingine ni simu. Picha ya ukumbusho mbele ya Jiwe la Bismarck, iliyokuwa mboga ya kila siku, sasa kila mtu anajipiga mwenyewe. Picha za vitambulisho nazo zimepungua: mwaka 2015 daftari la wapigakura liliandikwa kwa mashine za BVR zilizompiga mwananchi picha hapohapo, na NIDA nayo humpiga mtu picha wakati wa usajili.

Lakini picha zilizojaa kwenye simu hazijachapwa. Printa ndogo na karatasi nzuri kwenye mwalo au karibu na shule ni biashara isiyohitaji kamera ya mamilioni, ingawa wino unataka hesabu ileile ya kamera. Bei ya kuchapa picha moja ipangwe baada ya kujua katriji moja inatoa picha ngapi, na ngapi huharibika umeme unapokatika katikati.