Msinunue kompyuta mpya, jifunzeni kutafuta

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naisema hata kama kuna watakaonuna. Wengi wetu hapa Pemba hatuhitaji kompyuta mpya wala programu ya kulipia. Tunahitaji kujua kutembea ndani ya faili tulilonalo.

Naliona sana hili kwa wenzangu wa Chake na Wete. Mteja kapiga simu kutoka Unguja, anauliza halua yake kilo mbili imeshapakiwa au bado. Oda zote tangu mwaka jana zimo kwenye faili moja la Word, kurasa 40. Basi muuzaji anazungusha mausi, anazungusha, "subiri kidogo dada, naangalia". Huku Mkoani meli inapakia. Dada wa watu hazioni hizo kurasa 40, anachojua pesa keshatuma na jibu hapati.

Bonyeza Ctrl pamoja na F, andika unachotafuta, itakupeleka. Ila msitafute kwa jina jamani! Kwetu huku ukiandika Khamis wanakuja Khamis kumi na mbili, na yule uliyemwandika Hamis hatokei kabisa. Tafuta kwa tarakimu sita za mwisho za simu yake, maana mwengine umemwandika kwa 0, mwengine kwa +255. Na namba ziandikeni bila kuacha nafasi katikati, au kompyuta haitaiona.

Oda mpya? Ctrl na End, uko mwisho wa faili. Ctrl na Home, umerudi mwanzo. Kwenye Word, Shift na F5 inakurudisha pale ulipoandika mara ya mwisho. Hii mie naipenda kuliko zote, kwa sababu kazi yetu hukatizwa na simu kila dakika. (Kompyuta nyengine lazima ushikilie na Fn.)

Wa Excel, Ctrl na mshale wa chini hukimbia mpaka mwisho wa orodha, lakini husimama ikikuta kisanduku kitupu. Kwa hiyo ile tabia ya kuruka mistari ili ipendeze, acheni.

Mtasema oda zenu ziko WhatsApp, na kule pia kuna kutafuta. Sawa, lakini simu ikitumbukia maji pale bandarini, oda utazisoma wapi? Wasio na kompyuta wafungue Google Docs kwenye simu, waguse vidoti vitatu juu, sehemu ya kutafuta imo humo humo.