Jedwali la Rangi: Istilahi na Usomaji wa Picha za Ziwa Rukwa

Picha ya setilaiti yenye ngazi nyingi za kijivu mara nyingi huitwa "picha nyeusi na nyeupe". Kwa maoni yetu, istilahi hiyo haifai, na athari zake si za kinadharia tu.

Tuchukue picha ya Ziwa Rukwa, ambalo sehemu yake imo katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Katika picha ya biti nane, kila nukta huhifadhiwa kwa namba moja kati ya 0 na 255: 0 huonekana nyeusi, 255 nyeupe, na zilizobaki ni ngazi za kijivu. Jedwali la rangi huielekeza programu namba ipi ionyeshwe kwa rangi ipi. Katika bendi ya infraredi ya karibu, maji hufyonza mnururisho, hivyo namba zake huwa ndogo. Mimea hai huuakisi, na namba zake huwa kubwa. Jedwali moja laweza kuyapa maji buluu, jingine nyekundu. Namba zenyewe hazibadiliki.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Uhusiano wa namba na rangi ni wa nasibu, kama Saussure alivyouona uhusiano wa kitaja na kitajwa. Kwa hiyo kitenzi "kupaka rangi" kinapotosha, kwani kilichopakwa kimebadilishwa. Tunapendekeza "kupangia rangi". "Picha nyeusi na nyeupe" iachiwe picha yenye thamani mbili tu. Hii nyingine iitwe "picha ya ngazi za kijivu".

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakina rangi za kutosha kuandikia majedwali hayo. Ni kweli kwamba vivumishi vya rangi vyenye upatanisho wa kisarufi ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Hata hivyo, kijivu kimetokana na jivu, kijani na jani, kahawia na kahawa. Njia ya uundaji ipo, tena ni ya wasemaji wenyewe.

Msomaji wa Momba akionyeshwa eneo jekundu bila ufunguo, aweza kudhani ni moto au ukame, kumbe ni maji ya ziwa. Uamuzi wa kilimo au uvuvi ukijengwa juu ya dhana hiyo, hasara ni yake. Hivyo basi, BAKITA na TATAKI hawana budi kusanifisha istilahi hizi, na kila picha iliyopangiwa rangi iambatane na ufunguo wa Kiswahili.