Jembe Tunalicheza, Jiliwa Tunalitupa

Usukuma ni nchi ya ngoma. Bagika na Bagalu wameshindana vizazi kwa vizazi, na katika bugobogobo kijana hurusha jembe juu akalidaka, watazamaji wakashangilia. Sina ugomvi na ngoma hiyo. Nina ugomvi na wale wadhanio kuwa utamaduni wetu unakoma uwanjani. Jembe lile, kabla halijachezwa, lilifuliwa. Katika karne ya 19 majembe ya wahunzi wa Usukuma na Uzinza yaliuzwa hadi Unyamwezi, tena yalitolewa mahari. Mchezaji tunamsifu, mhunzi tumemsahau.

Usahaulifu huo unaonekana leo hapa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Nimeliona katika karakana moja kongwe jiliwa, au vaizi kama mafundi wengi waliitavyo, limelala vumbini. Halina mkono, halina bamba moja la taya, na nati yake ya ndani imepotea. Nilipouliza, nikajibiwa: “Hilo limekufa. Spea zake hazipatikani, tunangoja jipya.”

Nasema bila kificho kwamba jibu hilo ni kasumba. Linatufundisha kuwa chombo kilichotengenezwa ng’ambo hakina budi kuponywa ng’ambo. Hebu tuvitazame vilivyokosekana. Mkono ni kipande cha chuma cha mviringo kilichonyooka. Bamba la taya hupatikana katika springi chakavu ya lori: kichomwe kipande chake hadi kiwe chekundu, kipozwe polepole majivuni ili kilainike, kikatwe, kitobolewe, kichanjwe kwa tupa, kisha kigumishwe tena. Nati ndiyo kazi ya ustadi. Majiliwa mengi ya kale ya Kiingereza yalikatwa hesi kwa inchi, tena kwa meno mapana yasiyofanana na ya bolti ya kawaida. Fundi aweke rula juu ya parafujo, ahesabu meno ya inchi moja, kisha aipeleke parafujo yenyewe kwa mkereza vyuma, akatiwe nati ya shaba nyeusi inayooana nayo. Alazimishaye nati ya milimita huyala meno ya parafujo, na hapo ndipo jiliwa hufa kweli.

Wako watakaosema kwamba muda wa fundi ni mali, na kwamba chombo kibovu huumiza watu. Neno la kwanza lawafaa wenye viwanda vikubwa. Shuleni, muda wa kutengeneza ndio muda wa kujifunza. Neno la pili ni kweli. Jiliwa lililopasuka mwili wake wa chuma cha kalibu lisiaminiwe kwa kuungwa ovyo, maana ufa hurudi, hilo liondolewe. Lakini kukosa mkono si kupasuka mwili, na asiyeweza kutofautisha mambo hayo mawili hajawa fundi bado. Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Simiyu ni mkoa wa pamba na plau za ng’ombe. Plau ikivunjika wakati wa mvua, mkulima hawezi kungoja spea ya mbali. Humwendea fundi wa mtaani, naye huitengeneza kwa chuma chakavu. Elimu hiyo tunayo. Kwa nini ikome kwenye lango la shule?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilaumu masomo yanayomfanya kijana adharau maarifa yasiyotoka vitabuni. Mwaka 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na sekondari ikapata mkondo wa amali. Ni jambo jema. Lakini kijana atajifunzaje kupiga tupa iwapo chuma chake anakishikilia kwa unyayo?

Basi, ndugu walimu, fungueni stoo zenu. Yahesabuni majiliwa yaliyomo, mwandike kila moja limekosa nini, na kazi ya kwanza ya darasa la ufundi iwe kuyarudishia viungo vyake. Nanyi wanafunzi, mtakapoinua jembe katika bugobogobo, mwulizaneni ni nani kati yenu awezaye kulifua. Na asipopatikana hata mmoja, msiende nyumbani kabla ya kupita karakanani.