Huyo Daktari Unayemlipa Atakuwa Wapi Saa Tisa Usiku?

Mwezi jana nilikuwa kwenye beibi shawa, South B. Keki, baluni, ile michezo ya kukisia upana wa tumbo kwa uzi. Halafu likaja swali ambalo Nairobi huulizwa hata kabla ya jina la mtoto: "Unazalishwa na daktari gani?" Mwenye shughuli, mimba ya kwanza, afya safi, akajibu kwamba hajachukua daktari. Atazalishwa na wakunga wa hospitali anakohudhuria kliniki.

Sebule ikanyamaza. Shangazi mmoja akauliza, kwa ule upole wa kuua, "Kwani mambo yamekuwa magumu hivyo, mama?"

Nilimeza keki yangu nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Katika mji huu, kuchukua daktari wa uzazi kumekuwa kama kuchagua mtaa wa kupanga nyumba. Ni namna ya kuonyesha umefika. Mkunga ni wa ushago, wa wasio na bima, wa enzi za nyanya zetu. Ukilitaja hilo neno tu, mtu anaona ajuza, wembe na beseni la maji moto. Tumewachanganya watu wawili. Mkunga wa jadi ni mmoja, na simzungumzii leo. Huyu wangu amekaa darasani miaka, amefanya mitihani, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na ukimkuta wodini unamwita "sista" bila kujua kwamba sista ndiye mkunga mwenyewe. Wengi wenu mnaosoma haya, iwe mlizaliwa Pumwani au hospitali ya misheni huko kwenu, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake.

Nieleze yangu. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa na daktari. Nasema "na daktari" kwa sababu ndivyo bili ilivyosema. Ilikuwa hospitali ya kibinafsi, kule kwenye sakafu zinazong'aa. Niliingia saa moja jioni, njia imefunguka sentimita tatu. Daktari akaja saa mbili, akanipima, akatabasamu, akaenda kwake kulala. Simlaumu, kila mtu hulala. Aliyebaki alikuwa sista mmoja mfupi mwenye sauti ya kwaya. Kila nusu saa alisikiliza moyo wa mtoto na kuandika kwenye ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Alinitembeza koridoni. Alinisugua kiuno mpaka mikono yake ikachoka. Alinikataza kusukuma kabla ya wakati, tena kwa ukali, na nilistahili. Saa tisa usiku nilipoanza kulia kwamba nipasuliwe tu yaishe, aliniinamia akasema, "Mama, moyo wa mtoto uko sawa, na wewe uko sawa. Tuvumilie kidogo."

Daktari alifika saa kumi na robo, nywele za mtoto zikionekana tayari. Alikaa dakika kumi na tano hivi. Ada yake ilikuwa 60,000. Mume wangu, ambaye huwezi kumzuia kupiga hesabu hata matangani, alisema hiyo ni 4,000 kwa dakika. Bili ilikuwa na kurasa nne. Pamba iliandikwa, glavu ziliandikwa jozi kwa jozi. Sista hakuwemo.

Sina ugomvi na madaktari. Kuna mimba ambazo hazina mjadala: presha imepanda, una kisukari, ni mapacha, kondo la nyuma limekaa mlangoni, ulishapasuliwa awali. Nenda kwa daktari, na uende leo. Na hata mimba iliyotulia inaweza kugeuka kwa dakika chache, ndiyo maana hamtanisikia nikiwasifia wale wa kuzalia nyumbani ndani ya beseni na mishumaa, huku Mombasa Road imefunga na ambulensi haina mbawa. Daktari lazima awe wa kufikika. Thieta iwe tayari, damu iwepo.

Lakini kuwa tayari ni jambo moja na kushika usukani ni jingine. Daktari wa uzazi amesomea hasa uzazi ulioharibika. Mkunga amesomea uzazi unaokwenda sawa, na kuutambua mapema ule unaoanza kupinda. Kumlipa yule bingwa akakusimamie uzazi usio na tatizo ni kama kukodi gari la kuvuta magari likufuate hadi kazini kila asubuhi, eti huenda injini ikazima.

Watafiti wa Cochrane, mwaka 2024, walijumlisha majaribio 17 yenye wanawake zaidi ya 18,000. Waliohudumiwa na wakunga walewale tangu kliniki hadi leba walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, wakapasuliwa kidogo zaidi. Utasema hizo ni nchi tajiri, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Basi njoo huku kwetu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa 2023, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliyejifungua aliwekewa chini mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na ikifika kiwango fulani anapewa matibabu yote kwa mkupuo, bila kungoja. Visa vya kutokwa na damu kwa kiasi cha kutisha vilipungua kwa asilimia 60. Walioifanya kazi hiyo pembeni ya kitanda, wengi wao ni wakunga.

Na tuseme ukweli kuhusu pesa. SHA hulipa hospitali 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Sisemi kila daktari anatafuta kisingizio cha kisu. Nasema ukimweka mtu mwenye kisu kuwa msimamizi, na kisu kikalipa mara tatu, usishangae kikitoka mapema.

Sasa najua kuna msomaji amekunja uso. Anawakumbuka masista waliomtukana. Sote tunalijua lile neno la leba, "Ulipokuwa ukifurahia mbona hukulia?" Kuna waliopigwa makofi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilikiukwa, baada ya kujifungulia sakafuni katika hospitali ya umma na kisha kupigwa na wauguzi. Aliamriwa alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hilo sitalipaka sukari, na uchovu wa mkunga hauhalalishi kofi hata moja.

Lakini angalia tunachonunua kwa zile 60,000. Hatununui ujuzi wa upasuaji, maana wengi hatutauhitaji. Tunanunua adabu. Tunamlipa bingwa ili watu wengine wote ndani ya jengo watuogope. Mwenye uwezo ananunua heshima yake kivyake, anafunga mlango, na yule wa kitanda cha pili katika wodi ya umma anabaki na sista mmoja mwenye wanawake sita kwa wakati mmoja. Kisha tunarudi kwenye beibi shawa kusema wakunga ni wabaya. Nani atapigania wodi ambayo kila mwenye sauti ameshaihama?

Hizo kelele tunazopiga kuhusu daktari gani ana mkono mwepesi, tungezipeleka kaunti. Tuulize kila mkunga wa zamu ya usiku ana akina mama wangapi. Tuulize kwa nini anayekupima kliniki miezi saba si yule utakayemkuta leba, hivyo unakutana na mkunga wako kwa mara ya kwanza ukiwa huwezi hata kutaja jina lako. Mwaka 2017 wauguzi walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba, leba wodi nyingi za serikali zilifungwa. Hatukuhitaji ushahidi mwingine wa nani huzalisha nchi hii.

Yule msichana wa South B alinipigia juzi. Amekwenda hospitali na maswali yake kwenye karatasi: daktari wa zamu hulala wapi, thieta iko umbali gani, damu hutoka wapi, mume ataruhusiwa kukaa ndani? Thieta iko ghorofa hiyohiyo. Mume ataingia. Sista wawili wa usiku ameshawajua kwa majina.

Kwa hiyo hapana, shangazi, mambo si magumu. Siku yake ikifika wewe njoo na uji.