Viungo Visiachwe Vikakakamaa

Upo ugonjwa wa kudhoofika misuli unaowapata hasa watoto wa kiume, ambao tabibu wa Kifaransa, Duchenne, aliueleza katika karne ya 19. Mtoto huanguka mara kwa mara, hushindwa kupanda ngazi, na akitaka kuinuka hujisukuma kwa kushika mapaja yake mwenyewe. Wapo wasemao kuwa ni mvivu au karogwa. Si kweli: hayo ni maradhi ya urithi, na dawa ya kuyaondoa kabisa bado haijapatikana.

Lakini kukosa dawa hiyo si kukosa la kufanya. Kunyoosha vifundo vya miguu, magoti na nyonga taratibu kila siku huchelewesha viungo kukakamaa. Kuogelea kwa wastani, chini ya uangalizi, hufaa, maana maji huubeba mwili. Na sisi bahari imetuzunguka. Kinachodhuru ni kumlazimisha mtoto kunyanyua vitu vizito au kujitahidi hata misuli ikauma. Kulala kitandani siku zote nako humdhoofisha.

Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye awafunzaye wazazi kipimo. Hata hivyo, mzazi wa Kojani au Fundo hana budi kuvuka maji ili afike hospitali kubwa, na zoezi la kila siku haliwezi kungoja mashua. Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Afya iwapeleke wataalamu hao kwa zamu katika visiwa vidogo, wawafundishe wauguzi na wazazi huko huko. Walimu nao wasiwaadhibu watoto hawa uwanjani. Nguvu iliyobaki ni amana, tuitunze.