Mashine ikikuuliza, chagua shilingi ya huko

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Arusha siku nne, kufunga programu ya mauzo kwenye duka la mteja. Kazi ilikwisha salama. Kilichoniuma ni taarifa ya benki niliyoifungua baada ya kurudi hapa Skuta.

Kila siku nilitoa shilingi 100,000 za Tanzania kwenye ATM kwa kadi yangu ya Kenya. Niliona ni busara kutotembea na pesa nyingi mfukoni. Kumbe kila mara benki yangu ilikata Ksh 400, na juu yake ushuru wa asilimia 15 ambao serikali yetu hutoza ada za benki. Jumla Ksh 1,840! Ningetoa 400,000 kwa mkupuo mmoja, ningelipa 460 tu. Hilo ni kosa langu. Ada hiyo imo kwenye orodha ya bei za benki, nami sikuisoma.

La pili nitagawana lawama. Mashine iliniuliza: tukukate kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania? Nikabonyeza ya Kenya, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Hapo nilijichongea mwenyewe. Ukichagua pesa ya nyumbani, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango anachojipangia na faida yake ikiwa ndani. Ukichagua pesa ya nchi uliyopo, kiwango ni cha Visa au Mastercard, kisha benki yako huongeza asilimia yake. Si bure, ila mara nyingi ni nafuu.

Wala si mtego wa Tanzania tu. Rafiki yangu anayepandisha wageni Mlima Kenya kutoka Naro Moru anasema wageni wake hukutana na swali hilohilo Nanyuki, nao hubonyeza vibaya vilevile.

Sasa niongee kama mwandika programu. Mashine ya Arusha haiwezi kujua ada ya benki yangu. Lakini benki yangu inaijua, na ndiyo inayoidhinisha muamala kwa sekunde chache na kunitumia SMS papo hapo. SMS ilitaja kiasi nilichotoa, ada haikutajwa. M-Pesa, iliyoanza 2007, hutuandikia gharama ya muamala kwenye SMS ileile. Kwa hiyo mitambo inaweza. Aliyeamua kunyamaza ni mtu.

Ulaya, tangu Aprili 2020, sheria inataka mteja aonyeshwe ni asilimia ngapi kiwango cha mashine kimezidi kile cha Benki Kuu ya Ulaya, kabla hajakubali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu Julai 2010. Sheria kama hiyo ingetufaa sana.

Hadi hapo, soma orodha ya ada kabla ya kupanda basi, toa mara chache, na mashine ikikuuliza, chagua pesa ya huko. Mimi nimeshalipa karo ya somo hili, wewe lisome bure.